Unga Uliotulia Mno

Maji ya kalorimita hayana haraka na mtu. Ukishayamimina kwenye ndoo yake, ukazamisha humo kile chombo cha chuma tunachokiita bomu, ukafunga mfuniko na kuwasha kikorogeo, kazi inayobaki ni kukaa kimya uyangoje yatulie. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia kabla hayajatulia, siku yako imekwenda bure. Wageni wakipita maabara yetu hushangaa kumwona mtu mzima ameketi juu ya kigoda, mikono mapajani, akikodolea macho namba za kipimajoto.

"Mama Bomu, unafanya nini hapo?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kungoja."

Jina hilo la Mama Bomu nimelizoea, ananiita hata mhasibu. Jirani yangu mmoja alipolisikia kwa mara ya kwanza alihamisha mtungi wake wa gesi akaupeleka upande wa pili wa ua. Nilimwacha na hofu yake. Ukweli ni kwamba nachoma vitu vidogo na kupima joto lake, basi. Unga naugandamiza uwe kidonge, nauweka kwenye kibakuli ndani ya bomu, nafunga uzi wa pamba kwenye waya, najaza oksijeni. Umeme ukipita, uzi unashika moto, kidonge kinateketea, na maji yanapanda joto. Kitu kilichotulia kwa maumbile yake hutoa joto pungufu kinapoungua; chenye wasiwasi ndani hutoa joto jingi. Elimu yangu yote ndiyo hiyo, na ndiyo iliyonilisha na kumsomesha mwanangu.

Mwaka ule tulikuwa tunapima pete. Si pete za vidoleni, bali atomi zilizoshikana mikono zikafunga duara: kaboni nne na naitrojeni mbili. Kwenye kila pembe yenye kaboni hukaa haidrojeni moja. Unaiondoa, unaweka kitu kingine mahali pake, halafu unauliza: pete imetulia zaidi, au imeingia wasiwasi? Vitabuni kitu hicho huitwa kibadala. Sisi maabara tunakiita mgeni. Yuko mgeni aitwaye naitro, aliyebeba oksijeni mbili begani. Huyo akiketi kwenye pete ni ugomvi mtupu, pete inawaka kwa hasira. Yuko mwingine, amino, mpole. Akiketi jirani na naitrojeni ya pete huigawia alichonacho, na pete nzima inapumua. Akiketi pembe ya mbali, upole wake haufiki sawasawa. Mgeni ni yuleyule, kinachobadilika ni kiti alichopewa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," hupenda kusema Mahesabu, mwenzangu wa chumba cha pili. Mahesabu hajawahi kuchoma chochote maishani mwake. Yeye pete anazijenga kwenye kompyuta na kuzikokotolea joto lake bila kushika kiberiti, kisha anakuja kuniuliza kama bomu langu limemuunga mkono.

Wakati huo nilikuwa na unga mweupe, mzuri, wenye wageni wawili wa amino, kila mmoja kando ya naitrojeni. Niliuchoma, nikashangaa. Pete ilikuwa imetulia kuliko zote tulizopata kupima. Nikarudia, na kila kidonge kikanipa jibu lilelile, hakuna aliyempinga mwenzake. Nilifurahi mpaka nikajishtukia kwamba nimefurahi. Nilikuwa sijafurahia kitu muda mrefu, maana mwaka huo ndio niliomzika mwanangu.

Figo zilimwangusha. Sitaeleza zaidi ya hapo. Aliyewahi kukaa kwenye benchi la wodi anajua, na ambaye hajakaa, Mungu amwepushe. Alikuwa mtoto wangu wa pekee. Aliniachia mtoto wake wa pekee, binti wa miaka sita, tuliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake ulikuwa haufungi kazi. Alikuwa anaongea akila, anaongea akioga, anaongea usingizini. Mkwe wangu, baba yake Chiriku, ni fundi umeme anayekwenda mitambo ya mbali, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo baada ya mazishi tulikubaliana mtoto akae kwangu. Sikumshukuru, lakini kama angekataa sijui ningeishi vipi.

Nilifanya kila ninalojua. Picha za mwanangu nilizishusha ukutani nikaziweka juu ya kabati, zimegeuzwa kifudifudi. Nguo zake nilizifungia. Jina lake nikalitoa mdomoni, kidonda kisichotoneshwa hupona, ndivyo nilivyojiambia. Siku za mwanzo Chiriku alilia sana, usiku na mchana. Kisha siku moja alinikuta jikoni, sahani yangu mezani imepoa, nami nimeinamia sinki nikilia kwa sauti niliyodhani maji ya bomba yanaifunika. Alisimama mlangoni akaniangalia. Tangu siku ile hakulia tena. Nikasema, asante Mungu, mtoto ameanza kupoa.

Akawa mtoto wa ajabu. Hakatai kuoga, hachezei chakula, haulizi maswali. Akitoka shule anavua viatu na kuvipanga. Tukikaa mezani anamaliza sahani yake halafu ananyoosha shingo kuangalia yangu. "Bibi, umemaliza?" Nikimaliza anachukua sahani zote mbili kuzipeleka jikoni. Majirani wakaniambia nina bahati, mtoto amepata malezi. Nilikuwa naitikia kwa kichwa na moyo unanitanuka. Nyumba ilikuwa kimya mpaka unasikia friji ikijizima.

Ndipo Jumamosi moja mkwe wangu akaja, na hakuja peke yake.

Alikuja na mwanamke mfupi, mwenye mikono myembamba na miwani iliyoning'inizwa shingoni kwa kamba. Alikuwa fundi cherehani, ana duka lake karibu na soko, na walikuwa wamefunga ndoa kimyakimya mwezi uliotangulia. Mkwe wangu alinieleza hayo akiwa ameketi ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, mama," yule mwanamke alisema.

"Marahaba," nilimjibu. Nikaongeza moyoni: mama yako hayuko hapa.

Chiriku alileta chai, kikombe kimojakimoja, bila kumwaga. Akaketi kando yangu, mikono mapajani. Nilijivuna jinsi alivyokaa.

Mkwe wangu alikohoa. "Mama, nimepata kazi ya kudumu hapa mjini. Sisafiri tena. Nimekuja... tumekuja kuomba, shule zikifunguliwa, mtoto aje akae nasi."

"Chiriku, kacheze nje," nilisema.

Alitoka. Hakukimbia, alitembea.

"Umeomba," nikamwambia mkwe wangu. "Sasa nisikilize na mimi. Umemwona mtoto? Umemwona alivyo? Huyu alikuwa analia mpaka anatapika. Leo ametulia. Unataka umtikise tena? Umtoe kwangu, umpeleke kwa mtu asiyemjua, ili iweje?"

"Ni mwanangu, mama."

"Na yule aliyelala kule kaburini alikuwa wa nani?"

Aliinamisha kichwa. Nilijua nimempiga mahali panapouma, na sikujali. Kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa kimoja tu, na walikuwa wamekuja kukichukua wakiwa wamevaa vizuri. Mwanamke yule alikuwa anatazama ukuta wangu, zile alama nne za mraba ambapo rangi haikupauka kama kwingine.

"Mama," alisema taratibu, "zamani alikuwa hivi? Kimya hivi?"

"Mtoto mwenye adabu anakuwa kimya."

"Nimeuliza kwa sababu baba yake aliniambia wanamwita Chiriku."

Nilimwambia mkwe wangu nitafikiri, niwape jibu kabla ya shule kufunguliwa. Wakati wa kuaga, yule fundi alimpima Chiriku kwa macho tu na kusema sare yake ya shule imekuwa fupi, kama sitajali atamshonea nyingine. Kukataa kitambaa cha bure ni ujinga. Nikakubali, na moyoni nilikuwa nimeshakataa kila kitu kingine.

Jumatatu nilimpelekea Mahesabu matokeo yangu. Nilitembea na karatasi ile kifua mbele. Aliisoma, akaweka kidole kwenye namba ya mwisho, akaisoma tena.

"Dada, hii pete yako imetulia kupita kiasi."

"Imetulia ilivyotulia. Kwani kuna kiasi?"

"Wageni wa amino wanaituliza, sawa. Hata mahesabu yangu yanasema hivyo. Lakini si hivi. Hapa ni kama umewapa sifa ya wageni watatu."

"Kompyuta yako haijawahi kushika unga."

"Haijawahi," alikubali. "Wewe umerudia mara ngapi?"

"Mpaka nimechoka. Vyote vinakubaliana."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Hata wezi hukubaliana, dada. Ndiyo maana polisi huwahoji mmojammoja."

Nilicheka kwa sababu alistahili kuchekewa, kisha nikarudi chumbani kwangu nimekasirika. Mtu yeyote angekasirika. Una kitu kimoja tu mwaka mzima kilichokwenda vizuri, anakuja mtu aliyekaa kwenye kiti cha ofisi cha kuzunguka anakuambia ni kizuri mno. Nilipima upya bomu lenyewe kwa kuchoma kitu ambacho joto lake linajulikana. Nilisuuza kuta zake nikapima tindikali, maana naitrojeni ikiungua huacha tindikali kidogo, na isipohesabiwa inadanganya. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikabaki na unga wenyewe.

Unga tunautunza ndani ya chombo cha kioo kizito tunachokiita kikaushio. Chini yake kuna chembechembe za kufyonza unyevu. Zikiwa kavu ni za buluu. Zikishashiba maji hugeuka waridi, nawe unazitoa unazioka mpaka buluu irudi. Hilo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua. Nilikifungua kile chombo, nikainama kuangalia.

Zilikuwa waridi zote. Zilikuwa waridi iliyokolea, ya muda mrefu, wala sijui tangu lini. Mwaka mzima nilikuwa naingia, nafunua, nachota, nafunika. Nilikuwa naangalia unga tu kwa kuwa unga ulikuwa mweupe na mzuri. Sikuwahi kuangalia chini.

Basi nikajua. Unga ulikuwa umekunywa maji kutoka hewani, ukayaficha ndani ya fuwele zake. Haukuloa, haukushikana, ukiumimina unateleza kama ulivyokuwa. Lakini katika kila kidonge nilichopima kulikuwa na fungu la maji, na maji hayaungui. Joto likatoka pungufu, nami nikaandika: imetulia. Na kwa kuwa kila kidonge kilibeba fungu lilelile, vyote vilikubaliana.

Sikumwambia Mahesabu kitu. Nilitandaza unga kwenye kisahani, nikaupima uzito, nikauweka kwenye oveni ile inayofyonza hewa. Moto mdogo sana. Maji ya namna ile hayatolewi kwa nguvu, ukizidisha moto unga wenyewe utaharibika kabla hayajatoka. Yanabembelezwa, siku nzima na zaidi. Nikafunga mlango wa oveni na kusimama nje yake bila kazi. Kisha nikavua koti na kuondoka mapema, jambo ambalo silifanyi, nikaenda kumchukua Chiriku kwa fundi cherehani, alikokuwa amekwenda kujaribu sare.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele kulikuwa na nguo zilizotundikwa, nyuma ya pazia ndiko zilikokuwa cherehani na meza ya kukatia. Nilikuwa nimevaa viatu vya mpira vya maabara, havina sauti. Nilikuwa nataka kuita hodi, nikasikia mjukuu wangu anaongea.

Alikuwa anaongea kweli. Si ndiyo bibi, hapana bibi. Alikuwa anaongea maneno mengi kwa mfululizo, yakikanyagana.

"...halafu mama hakuwa anapinda hivyo, alikuwa anapinda mkononi na sindano, halafu uzi anaukata kwa meno, halafu bibi anamwambia utang'oka meno, halafu anacheka, halafu..."

"Alikuwa anachekaje?" sauti ya yule mwanamke iliuliza. Cherehani ilikuwa inakwenda polepole, kwa mguu.

"Alikuwa... alikuwa anacheka na pua."

"Na pua? Nionyeshe."

Chiriku akatoa mkoromo mdogo wa kucheka. Ulikuwa wenyewe. Ulikuwa wa mwanangu hasa, ule niliokuwa namgombeza akiufanya mbele ya wageni. Nilishika fremu ya mlango. Kisha mkoromo ukakatika katikati, mtoto akaanza kulia.

Nimesikia vilio vingi mwaka ule, hospitalini na nyumbani. Hiki kilikuwa cha chini kabisa, kinatoka kwa vipande, kama mtu ambaye hana uhakika kama anaruhusiwa. Cherehani ikasimama. Sikusikia yule mwanamke akimwambia nyamaza. Hakumwambia nyamaza hata mara moja. Nilisikia kiti kikiburuzwa, halafu kilio kikafifia kidogo, kimezibwa na nguo ya mtu.

Baada ya muda mrefu Chiriku alisema, "Anti, usimwambie bibi."

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba nimelia. Nikilia na bibi atalia, na bibi akilia hali chakula. Mama naye aliacha kula."

Niliondoka. Naona aibu kusema, lakini niliondoka kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka barabarani, nikaenda kusimama kando ya ukuta wa duka la jirani. Watu walipita. Mmoja akaniuliza kama natafuta kitu nikamwambia hapana. Nilikuwa nafikiria ile sahani. Jioni zote zile, ile shingo iliyonyooshwa kuangalia sahani yangu, "Bibi, umemaliza?", nami nikijisifu kwa malezi. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameniweka kwenye mizani kila siku. Alikuwa amekunja kilio chake akakiweka mahali ambapo sitakiona, ili mimi nile, ili nisife na mimi. Na mimi nikaenda kuwaambia watu: ametulia.

Sisemi mjukuu wangu ni unga. Pete haifiwi, wala haidrojeni ikiondolewa hakuna anayeilaza kaburini. Mtu akitumia kazi yake kueleza kila kitu maishani anakuwa mchoshi, Mahesabu ni shahidi. Lakini macho niliyoyatumia ni haya haya mawili, na yalikuwa yameshindwa mahali pawili kwa siku moja.

Nilirudi dukani nikiburuza miguu kwa makusudi, nikaita hodi tangu mlangoni. Pazia lilifunguliwa. Chiriku alikuwa amesimama kwenye kigoda ndani ya sare mpya, uso mkavu, mikono ubavuni. Macho tu ndiyo yalikuwa mekundu.

"Bibi," alisema kwa ile sauti yake ya nyumbani. "Umekula mchana?"

"Nimekula," nilidanganya.

Yule fundi alikuwa amepiga magoti anaweka pini kwenye pindo. Aliinua kichwa tukatazamana juu ya miwani yake. Begani mwa blauzi yake kulikuwa na doa la maji, bichi. Sijui kama alijua nimesikia. Alirudisha macho kwenye pindo na kusema, "Nimemwachia kitambaa cha ndani, mama. Anakua, kitahitajika."

Baada ya siku mbili nilitoa kisahani kwenye oveni. Unga ulikuwa mweupe vilevile, ukiuangalia usingejua kimebadilika nini. Nikauweka kwenye mizani. Ulikuwa umepungua. Niliuchoma mara moja, nikauchoma tena, na joto lilitoka kubwa, karibu kabisa na namba ya Mahesabu. Wale wageni walikuwa wameituliza pete kweli, hilo halikuwa uongo. Ila hawakuituliza kiasi kile nilichokuwa nawapigia debe.

Nilimpelekea karatasi. Nilijiandaa kwa utani wake, nikawa nimeshapanga na majibu. Aliisoma, akaniangalia, akaiweka mezani kifudifudi.

"Pole, dada."

"Pole ya nini? Ni unga tu ulishika maji."

"Haya," alisema. "Pole ya unga."

Nikakaa kwenye kile kiti chake cha kuzunguka na kulia. Alifunga mlango, akawasha birika, akaendelea na kazi yake kwa kutumia kiti kingine. Nilipomaliza alinipa chai na mkate, naye akakaa nami mpaka nikamaliza vyote viwili. Labda wote walikuwa wananiangalia sahani, mimi ndiye sikujua.

Nilimpigia simu mkwe wangu siku hiyohiyo. Nilimwambia aje Jumapili na gari lenye nafasi. Akasema, "Mama, una uhakika?" Nikamwambia asiniulize swali hilo mara mbili.

Asubuhi ya Jumapili nilipanda kwenye kiti nikazishusha zile picha juu ya kabati. Nilizifuta vumbi. Moja nikaitia ndani ya begi la Chiriku, kati ya sare mpya na soksi. Aliingia akaniona, akaona begi.

"Nimekosa nini, bibi?"

"Hujakosa kitu."

"Basi mbona unanifukuza?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa neno hilo. Nilimkalisha kitandani, nikakaa naye. "Sikufukuzi. Hapa ni kwako mpaka nife, na nikifa bado ni kwako. Unakwenda kwa baba yako, na kwa anti. Kule kuna mtu unaweza kumwambia habari za mama yako."

Akaniangalia kwa hadhari, kama anayeona ufa kwenye kikombe. Nikalitaja jina la mwanangu. Lilikuwa halijatajwa ndani ya nyumba ile karibu mwaka, nalo likatoka kavu, limekwaruza. Nikalitaja tena. Nikamwambia alivyokuwa anacheka na pua, na nilivyokuwa namgombeza, na kwamba ningetoa chochote kuusikia mkoromo ule leo hata mbele ya wageni mia. Midomo ya Chiriku ilianza kutetemeka, akaikaza. Bado alikuwa anaikaza kwa ajili yangu. Yaliyokaa ndani muda wote ule hayatoki kwa siku moja.

"Nani atakuangalia ukila?" aliuliza.

"Nitajiangalia mwenyewe."

"Utadanganya."

"Nitadanganya siku mojamoja," nilikiri.

Alifikiri. "Basi nitakupigia simu wakati wa chakula."

Gari lilipoondoka nilibaki mlangoni mpaka jirani wa mtungi wa gesi akaja kunisalimia, na hata yeye hakusimama mbali safari hii. Niliingia ndani, nikazitundika picha tatu zilizobaki kwenye alama zake. Ya nne iliacha mraba wake mtupu, nikauacha.

Jioni nilipasha supu. Nilikaa mezani na kijiko mkononi, kiti cha mbele yangu kitupu, na supu ikaanza kupoa. Simu ikaita.

"Bibi, unakula?" Na kabla sijajibu akaendelea: chumba chake kina dirisha kubwa, na anti amempa sanduku la vifungo, na kuna kimoja chenye umbo la samaki, na baba amechoma mkate ukawa mweusi, na wameiweka picha ya mama juu ya meza ya cherehani, na anti kasema mama alikuwa mrefu, na yeye akamwambia hapana, ni viatu, halafu akalia kidogo, halafu wakala. Yote hayo kwa pumzi moja. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ile ina kasi hiyo. Nilifungua mdomo nimjibu, kilichotoka hakikuwa neno.

Nilisikia pumzi zake karibu na simu.

"Bibi, unalia?"

Niliangalia picha ukutani. "Ndiyo," nikasema. "Nalia."

Kule nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, ikasimama.

"Basi lia," alisema Chiriku. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na safari hii hakuizuia. "Lia, bibi, mimi nipo. Ukimaliza ule."

Tukalia wote wawili, kila mmoja na simu yake sikioni. Baadaye nilikishika kijiko. Upande wa pili cherehani ilianza tena, polepole, kwa mguu.